Radi Ambayo Haikupiga

Verlene Skogen alikuwa na miaka hamsini na sita, na majira ya joto ishirini na saba ya umri huo aliyamaliza akitembea nyuma ya watoto wa watu wengine. Nasema nyuma kwa sababu ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Kambini kwetu, hapa Wyoming, magharibi mwa Marekani, chini ya milima, kiongozi wa safari hatangulii. Kila asubuhi kijana mmoja hukabidhiwa ramani na dira, anaitwa mkuu wa siku, na wenzake wanamfuata. Mtu mzima anakaa mkiani na kufunga mdomo. Wakipotea, wapotee. Wakifika mtoni wasione daraja, watajua wenyewe kwamba daraja liko bonde la pili. Mwanzilishi wa kambi aliamini kwamba kosa hufundisha kuliko mwalimu. Maneno hayo aliyachonga kwenye ubao juu ya mlango wa ukumbi wa chakula, ambako wazazi husimama wakapiga picha, kisha wakaondoka na gari lenye kiyoyozi.

Verlene alijua kunyamaza. "Nimewahi kuwatazama vijana tisa wakipika makaroni kwa maji baridi," aliniambia siku moja. "Sikusema kitu. Nikala."

Mimi nafanya kazi ghalani. Napima oti, siagi ya karanga na unga wa jibini, nafunga kwenye mifuko, naandika jina la kundi. Nimempakia Verlene kwa miaka kumi na minne, na mtu ukimpimia chakula muda wote huo unamfahamu vya kutosha. Aliwahi kuolewa. Mume, mtu wa haki, alipoondoka alimwachia mbwa. Mbwa akafa. Majira ya baridi aliuza misumari na koleo za theluji katika duka la vifaa mjini, akisubiri mwezi wa sita kama wengine wanavyosubiri pensheni. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Alikuwa akimeza vidonge viwili kabla ya kahawa na viwili baada yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuliona hilo.

Mwaka ninaousimulia, Royce, mtoto wa mwanzilishi, alimwita ofisini mwezi wa tano. Mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa nahesabu pale nje mitungi ya chakula ambayo dubu hawezi kuifungua.

"Si wewe, Verlene," Royce alisema. "Ni utaratibu mpya. Mwisho wa safari vijana wanajaza fomu. Nyota moja hadi tano. Kiongozi akipata chini ya nne, mwaka unaofuata hatumwiti."

"Wanajaza vijana?"

"Ndio wateja wetu."

"Baba yako alikuwa anawaita watoto."

"Baba hakuwa na tovuti." Akapekua karatasi. "Halafu, nakuomba, usiwaingilie. Mwaka jana kuna mmoja alilalamika kwamba walipokosea njia ulikohoa."

"Nilikuwa na mafua."

"Ameandika ulikohoa kwa makusudi."

Verlene alitoka akaja kusimama karibu na mitungi yangu. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kuitwa tena, na sasa kitu hicho kilikuwa mikononi mwa watu ambao hawajui kukunja hema. "Nipimie na dawa ya kikohozi," akasema.

Kundi lake lilikuwa la vijana wanane, siku kumi na moja, pamoja na msaidizi mmoja, Garrett, wa miaka ishirini na miwili, aliyekuwa na ndevu nzuri. Mambo ya huko juu nimeyapata kwa vipande: kwa Garrett, kwa vijana wenyewe waliposhuka na kuvamia ghala langu wakitafuta chokoleti, na kwa Verlene, aliyesimulia kidogo kuliko wote.

Kati ya vijana alikuwepo Sloane, wa miaka kumi na sita, kutoka pwani ya mashariki, mwerevu na mwenye haraka. Mwaka uliofuata angeomba nafasi chuo kikuu, na huko kwao ombi huambatana na insha ya jambo lililokubadilisha. Sloane alikuwa ameshaandika nusu ya kwanza kabla hajapanda ndege. Nusu ya pili ilikuwa inamsubiri kwenye kilele cha Ngazi Tatu, ambako angebadilika siku ya tisa, kati ya saa tano na saa sita. Siku hiyo ilikuwa zamu yake ya ukuu, naye aliipata kwa kubadilishana na Beckett, kwa biskuti.

Beckett alikuwa mchekeshaji wa kundi, kijana mnene kidogo aliyeunguza oti asubuhi hiyo na kuzitangaza kuwa chakula cha Kifaransa. Kusugua sufuria kulikula nusu saa. Kisha Sloane, mwenye ramani, akashika njia ya kushoto penye njia panda ambapo ramani ilisema kulia. Verlene aliliona kosa lile likitokea. Hakusema. Wala hakukohoa. Walitembea dakika hamsini kuelekea ziwa lisilohusika, wakageuka, na kosa likawa limefundisha kuliko mwalimu.

Watu wa milima ile wanayo kanuni moja inayozidi mbao zote: mwezi wa saba, mchana usikukute juu. Radi za huko hufika saa nane kama watu wa ofisini wanaorudi kazini, na siku nyingine hufika mapema. Kundi lilipotoka kwenye miti ya mwisho na kuanza mawe, ilikuwa imepita saa tano. Mbele yao ukingo mtupu, kisha kilele. Magharibi, wingu jeupe lilikuwa linaumuka kama unga uliozidishiwa hamira.

Hapa lazima niseme habari moja ya nyuma. Miaka kumi na tisa kabla, chini ya wingu la namna hiyo, Verlene alitii desturi ya kunyamaza kwa dakika kumi zaidi ya zilizofaa. Kijana aliyepigwa siku ile anaishi. Anasikia kwa sikio moja. Kila Krismasi humtumia Verlene kadi yenye picha ya wanawe.

"Sloane," Verlene alisema.

Wote wakageuka. Kwa siku tisa hawakuwahi kusikia sauti hiyo ikiwa ya kwanza kusema.

"Hatupandi. Tunarudi kwenye miti."

"Eti?"

"Wingu lile."

"Lile kule? Si liko maili ishirini!"

"Kumi na mbili. Na linatembea kuliko Beckett."

"Kila kitu kinatembea kuliko Beckett," mmoja akasema.

"Jamani, nipo hapa hapa," akasema Beckett.

Sloane hakucheka. "Mkuu wa siku ni mimi. Ramani ninayo mimi. Si mlisema uamuzi ni wetu? Imeandikwa juu ya mlango!"

"Najua ilipoandikwa. Mimi ndiye niliyeshika ngazi ubao ukipigiliwa."

"Sasa?"

"Sasa leo uamuzi si wenu."

"Dakika arobaini tu, Verlene. Nakuomba. Tunagusa tu, tunashuka." Alikuwa karibu kulia, na Verlene aliniambia kwamba hilo ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu dakika arobaini pengine zingetosha. "Garrett, hebu sema na wewe!"

Garrett alitazama buti zake. "Verlene ana uzoefu mkubwa," akasema, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya hali ya hewa.

Verlene alitazama saa, akatazama wingu, na nadhani alitazama pia nyota zake tano zikizimika moja moja. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka ishirini na saba. Alitangulia.

Kwenye miti aliwakalisha mbalimbali, hatua thelathini kati ya mtu na mtu, kila mmoja amechuchumaa juu ya godoro lake la sponji, miguu pamoja, ili radi ikipiga isiwachukue wote. Walikaa hivyo kwa muda wa saa mbili. Wingu lilifika mpaka ukingoni, likainama kama mtu anayechungulia kisimani, likaghairi. Likaenda kaskazini kunyeshea ng'ombe wa wilaya nyingine. Halikuangusha hata tone.

Saa tisa mbingu ilikuwa ya buluu kama imefuliwa. Kundi la kambi nyingine likashuka kutoka Ngazi Tatu likiimba.

"Vipi huko juu?" Beckett aliwauliza.

"Acha tu! Unaona mpaka mwisho wa dunia! Ninyi mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunajificha jua," alisema Beckett.

Kesho yake njia iliwapeleka chini, kwa hiyo kilele kilibaki pale kilipo. Jioni ile ya siku ya tisa, kabla ya chakula, walikaa duara kama kila siku, kila mtu akataja jema moja na baya moja la siku.

"Jema: sina," alisema Sloane. "Baya: Verlene."

"Asante kwa kusema," Verlene alijibu, kama mwongozo wa kambi unavyoagiza.

Asubuhi ya mwisho kila mtu, pamoja na viongozi, hujiandikia barua ambayo kiongozi huituma mwezi wa kwanza, ili ujikumbuke. Baada ya barua, fomu. Verlene alipata nyota tatu na kitu. Sloane alimpa moja na kuandika: *Hakutuamini.* Beckett alimpa nne na kuandika: *Hakuna aliyekufa. Nadhani hilo ni zuri?* Alama ya kuuliza ilikuwa yake.

Ujumbe wa Royce ulikuja mwezi wa kumi. Ulikuwa na shukrani nyingi na sentensi moja ya kumuaga.

Sanduku la barua za vijana lilibaki nyumbani kwa Verlene, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kulidai. Mwezi wa kwanza alinunua stempu akazituma zote, na yake pia, maana aliyaanza majira hayo kwa kufuata utaratibu na hakuona sababu ya kuacha. Siku tatu baadaye barua yake ikamrudia. Ilikuwa na mstari mmoja: *Mwezi wa tano nunua buti mpya, hizi hazimalizi msimu mwingine.*

Mwezi wa nne Sloane alipata chuo alichokitaka, na kwa ruhusa yake kambi iliweka insha yake kwenye tovuti. Niliipeleka kwenye simu yangu hadi duka la vifaa, nikasimama kaunta nikamsomea Verlene. Ilieleza jinsi mkuu wa siku, hatua chache chini ya kilele alichokiota mwaka mzima, alivyoliona wingu magharibi, wenzake wakimsihi waendelee, naye akayashinda machozi yake akawarudisha wote kwenye miti. Ilimalizia kwamba uongozi ni kujua wakati wa kugeuka. Verlene hakuwemo. Kulikuwa na "watu wazima wawili" waliotembea nyuma, kimya.

Nilipomaliza, Verlene alikuwa anapanga bawaba kwenye trei.

"Anaandika vizuri," akasema. "Wingu amelipatia."

"Ni hilo tu?"

"Amesema waligeuka saa ngapi?"

Nikatafuta. "Saa tano kamili."

"Ilikuwa saa tano na dakika ishirini," Verlene alisema, akaenda kumtafutia mteja misumari ya inchi tatu.