Mchanga wa Kuokea Biskuti

Siku moja pale Segese bado inanirudia, mwanangu, hasa nikisikia harufu ya siagi na sukari vikiiva pamoja. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nakaa kwa dada yangu Kabula, ambaye mumewe alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Mtoto wao wa pekee, Neema, alikuwa na miaka sita.

Shemeji alikuwa ametuletea boksi la biskuti kutoka Mwanza. Hazikuwa zile ngumu tulizozoea kuchovya kwenye chai. Hizi zilikuwa laini, ukizikata zinavutika kidogo kwanza, na katikati zina unyevu. Ziliisha siku hiyohiyo. Neema akalamba hata karatasi. Nikamwambia, "Subiri, mama mdogo wako atakuokea kama hizi." Nilisema kwa majivuno tu, lakini mtoto akalishika neno.

Biskuti ngumu kila mtu anaweza, hata bila kukusudia. Laini ndizo zilizonitoa jasho. Niliharibu unga mara nyingi kabla sijaelewa kwamba sukari ya kahawia ndiyo inayotunza unyevu, na kwamba kiini cha yai kinalainisha wakati ute unakausha. Donge likishakandwa linataka kupumzika mahali pa baridi. Mimi nililifunika bakulini na kuliweka ubavuni mwa mtungi wa maji. Halafu biskuti huepuliwa wakati pembeni zimeshika na katikati unaziona bado kama mbichi. Zinamalizia kuiva zenyewe juu ya bati. Wengi hukosea hapo, mwanangu, kwa sababu wanayaamini mno macho yao.

Oveni hatukuwa nayo. Nilitumia sufuria kubwa: chini mchanga, juu ya mchanga bati la biskuti, kisha nafunika. Moto niliuweka chini tu, maana mkaa juu ya mfuniko ulizikausha. Mto wa kuchota mchanga ulikuwa mbali. Lakini nyuma ya nyumba, kando ya bwawa la kuoshea dhahabu, kulikuwa na lundo la marudio, ule mchanga unaobaki mawe yakishasagwa na dhahabu ikishatolewa. Ulikuwa mwororo kama uliochekechwa. Nikajaza ndoo. Sikumuuliza mtu.

Karibu mwezi mzima niliupasha moto mchanga ule kila alasiri, mlango wa jikoni umefungwa kwa sababu ya vumbi. Neema alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, akisubiri.

Kwanza ilikuja ladha. Naamka asubuhi na mdomo una ladha ya chuma, kama niliyelala na sarafu chini ya ulimi. Kisha Neema akaanza kukohoa, akawa anakataa chakula. Siku moja akainua kikombe chake na chai ikamwagika yote. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, taratibu, bila kukoma, huku uso wake umetulia. Alikuwa akiviangalia kama vya mtu mwingine. "Mama mdogo," akaniambia, "vimekataa kukaa."

Alasiri hiyohiyo nilifunua sufuria nikakuta biskuti zimetoka sawasawa na zile za boksi. Sijawahi kuoka nzuri kuliko zile. Lakini upande wa ndani wa mfuniko, kwenye ukingo, kulikuwa na vitone. Nikadhani ni maji. Nilipogusa kimoja, kikakimbia kidole changu. Kikakutana na kingine, vikawa kimoja, kinang'aa, na ndani yake nikauona uso wangu mdogo kama punje ya mtama.

Mwanga ukaingia ghafla. Bibi Holo, jirani yetu, alikuwa ameufungua mlango na kusimama hapo. Alikuwa mjane, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na kwa ajili ya macho hayo watu walinong'ona kuwa ni mchawi. Akipita, wanawake waliwaita watoto ndani. Na mimi niliamini.

"Shikamoo, bibi."

Alikuwa anautazama mfuniko.

"Nani anachoma dhahabu humu ndani?"

"Hakuna dhahabu, bibi. Ni biskuti."

"Mchanga umeutoa wapi?"

Nikaelekeza kidole nyuma ya nyumba, kwenye lundo.

"Hivyo vitone ni zebaki, ile ya kukamatia dhahabu. Mume wangu alikuwa akiichoma ndani ya nyumba," akasema. "Sumu yake ilimwanzia mikononi. Mwishoni akawa anaongea na ukuta, anauita kwa jina langu, na mimi nimekaa nyuma yake. Mtoe mtoto humu, mayu. Mpelekeni hospitali. Na hivyo vitu visiliwe."

Aliniita mayu, mama, kama Wasukuma wanavyomheshimu hata msichana. Kisha akaondoka.

Niliurudisha mchanga kwenye lundo, nikazifukia biskuti, nikaisugua sufuria. Lakini dada sikumwambia kitu. Nilijidanganya kwamba mtoto atapata nafuu na neno litaishia hapo.

Neema alipandwa na homa kali. Dada alikuwa amemwona Bibi Holo akitoka mlangoni kwetu, akalisema hilo kwa majirani, na majirani wakalimalizia wenyewe: amemroga mtoto. Siku ya kwanza walinong'ona. Siku ya pili hakuna aliyechota maji pamoja na yule bibi. Nilisikia yote, nikaendelea kuosha vyombo.

Siku ya tatu, jua likiwa bado juu, watu walikusanyika uani kwake. Nilichokiogopa zaidi, mwanangu, ni ukimya wao. Walikuwa watu niliowajua kwa majina, walionisalimia kila asubuhi, na sasa nyuso zao zote zilikuwa tupu. Mmoja ameshika panga ubavuni kama anayeelekea shamba. Bibi Holo alikuwa amekaa kizingitini anachambua choroko. Nilisikia punje moja moja ikidondoka kwenye ungo. Kisha akainua macho, akanitazama mimi peke yangu. Angeweza kusema. Akarudia choroko zake.

Nikasikia mtu anasema, "Ni mimi," na ilinichukua muda kujua kuwa ni sauti yangu.

Nikaeleza mchanga, vitone, na maneno ya bibi. Mwenye panga akaniuliza, "Amekupa nini hata umtetee?" Shemeji, aliyekuwa katikati yao, ndiye aliyesogea.

"Mchanga uliuchota upande gani?"

"Kando ya bwawa."

Akafumba macho. Pale ndipo yeye na wenzake walipomwaga maji yenye zebaki, kwa mikono yao wenyewe. Akawageukia watu, akasema, "Rudini makwenu." Wakaondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyemwomba Bibi Holo radhi.

Tulimkimbiza Neema hospitali. Alikaa huko wiki nyingi, nami nikachunguzwa pia. Alipona, ana watoto wake sasa, lakini hadi leo uzi haupiti kwenye tundu la sindano akiushika yeye.

Bibi Holo alihamia kwa kaka yake huko Didia. Nilimfuata, nikapiga magoti. Akasema, "Mchanga nilikusamehe siku ileile. Zile siku tatu bado." Alifariki kabla hajaniambia kama zimekwisha. Kuna nyakati nikiwa peke yangu jikoni nasikia punje zikidondoka kwenye ungo, na nyumbani kwangu hakuna choroko.

Kwa hiyo, mwanangu, oka biskuti zako. Tia sukari ya kahawia, pumzisha donge, epua mapema. Tumia chumvi ya mawe badala ya mchanga, na fungua mlango. Kitu chochote unachokiweka motoni, uliza kwanza kilipita mikononi mwa nani. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama ulimi umekuwa mzito, maana ukinyamaza watu watamtafuta wa kumbebesha, na watamchukua yule ambaye tayari wanamwogopa.

Mungu aijaze nyumba yako harufu nzuri, aitulize mikono ya watoto wako, na akupe moyo wa kusema ungali na muda.