Jino la Hamsini na Tano

Shemeji yangu alinikabidhi kisanduku nikisome mbele ya mafundi kumi na mmoja, akijua vizuri kwamba sijui kusoma. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa lenyewe.

Karakana yetu ilichonga bolti kubwa na vipuri vya mashine za watu. Niliingia pale kufagia vumbi la chuma baada ya mume wangu kufariki. Mdogo wake ndiye aliyekuwa msimamizi, na ndiye aliyenitafutia nafasi. Hilo silikatai. Mwaka wa nne wakanipa dirisha la stoo, kazi yangu ikawa kutoa meno.

Jino ni kipande cha chuma kigumu chenye pembe tatu, kidogo kama ukucha wa dole gumba. Linafungwa kwenye mashine ya kukereza, nalo ndilo linalochonga zile nyuzi zinazoizunguka bolti. Fundi anakuja dirishani: "Mama Meno, nina chuma kisichoshika kutu, nyuzi za nje, nafasi milimita mbili." Chuma hicho kinanata, kinataka jino lenye makali membamba. Chuma cha kuyeyushwa na kumiminwa kalibuni kinamomonyoka kama mkate mkavu, hicho kinataka jino gumu lisilolika upesi. Nyuzi za ndani zina jino lake, na ukitoa la nje umeharibu.

Yote hayo niliyajua kwa kidole na kwa jicho. Visanduku nilivipanga kwa rangi za vifuniko. Na mfukoni mwa aproni nilikuwa na kipimo tulichokiita kitana: vibapa vyembamba vya chuma vyenye mikato. Unaliweka jino kwenye mkato, unainua kwenye mwanga. Mwanga ukipenya ubavuni, jino hilo silo.

Fundi akileta karatasi nilikuwa nasema, "Macho yangu haya yamechoka, nitamkie mwenyewe." Miaka kumi na mmoja hakuna aliyeshtuka. Shemeji peke yake ndiye aliyejua.

Siku hiyo tulikuwa na kazi ya vyuma arobaini vya pampu za maji, nyuzi zenye pembe ya digrii sitini. Shemeji alileta kisanduku kipya mwenyewe, kifuniko cha buluu.

"Haya ni ya sitini, shemeji. Mpe Milimita aanze."

Milimita alikuwa fundi mfupi aliyependa kupima kila kitu, hata chai yake.

"Niyapime kwanza?" niliuliza.

"Upime nini na imeandikwa hapa? Au siku hizi unasoma kunishinda?"

Alisema kwa sauti ya chini, akitabasamu. Uso ukaniwaka moto. Kitana kilikuwa mfukoni, nilikigusa, nikakiacha humo humo. Nikampa Milimita meno.

Wiki iliyofuata vyuma vyote arobaini vilirudi. Nati iliingia mizunguko miwili, ikagoma. Meno yalikuwa ya hamsini na tano. Tofauti hiyo ndogo jicho tupu haliioni, lakini kitana kingeiona mara moja.

Tajiri, mwenye karakana, alitaka kujua nani alichagua meno hayo. Shemeji akatukusanya dirishani, akachukua kile kisanduku cha buluu.

"Shemeji, hebu wasomee wenzako. Imeandikwa nini hapa?"

Nilikipokea. Nikakitazama, midomo ikachezacheza kama ya mtu anayesoma.

"Mama Meno," mmoja akasema kwa upole, "umekigeuza kichwa chini."

Wakacheka. Si wote, lakini mmoja alicheka mpaka akashika mashine. "Kumbe miaka yote hii tunakerezwa sisi!" Milimita hakucheka. Alitazama viatu vyake, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

Nilirudishiwa ufagio. Milimita alichonga vyuma vingine arobaini, Jumapili tatu bila kupumzika, kwa sababu ilisemwa kwamba naye alipaswa kukagua. Mimi nilifagia chini ya mashine yake na sikufungua mdomo. Kujitetea kungekuwa kukiri mbele yao, kwa kinywa changu, kwamba nilisomewa kama mtoto. Hata walipokwisha kujua, aibu ilinifunga vile vile.

Baada ya hapo nilijifunza herufi ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, magoti yamebana chini ya dawati. Siku moja nikifagia stoo niliokota kile kifuniko cha buluu. Nikakigeuza upande sahihi, nikaanza na tarakimu: tano, na tano tena. Imeandikwa kubwa. Mtu anayesoma hawezi kuikosa akitazama.

Katika wale kumi na mmoja, hakuna aliyeuliza swali moja jepesi: kama Mama Meno hasomi, nani alimsomea?

Shemeji ananidai shukrani ya kunitafutia kazi, na nilishamlipa kwa kunyamaza. Nami namdai yeye sentensi moja, aitamke palepale dirishani, mbele ya walewale: "Mimi ndiye niliyesema ni ya sitini." Mpaka leo ananisalimia vizuri tu, anauliza habari za watoto.

Na mimi nadaiwa na Milimita. Sijamwambia kwamba kitana kilikuwa mfukoni mwangu, na mkono wangu ulikuwa juu yake.