Kasia Lililokataa Kuzama

Nakumbuka Jumamosi moja pale Makandana, Tukuyu, mwanangu, na kabla sijaanza nikwambie kabisa: kwenye habari hii mwenye akili siyo mimi. Ukifika katikati utacheka. Cheka tu, mama yako huicheka habari hii hata akiwa anaumwa. Ila usiondoke kabla ya mwisho, maana mwisho ndio niliokuitia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Madukani vitu vimejaa, mitumba kila kona, na kiwanda cha chai nilichokuwa nafanyia kazi kinatafutiwa mnunuzi. Sisi wa chumba cha kukaushia tukaambiwa tukapumzike nyumbani kwanza. Nilikuwa kijana wa darasa la saba mwenye mdomo wa chuo kikuu. Msiba wowote Tukuyu nikitokea, watu walinihamisha kiti, wakiogopa nitawachekesha mbele ya wafiwa.

Ndipo wakaja wataalamu wa mambo ya kale kutoka Dar es Salaam, wakiongozwa na mama mmoja mfupi, mpole, anaitwa Bi Rehema. Walikuja kuchunguza mashua ya Wajerumani iliyozama zamani kwenye lile ziwa la shimoni kule Masoko. Sisi tulikuwa tunajua kwamba ilizama na hela. Rungwe nzima kila mtu alikuwa na mjomba wake aliyewahi kuziona. Bi Rehema akasema yeye hela hazimhusu, anataka kujua mashua ilitengenezwaje na ni mikono ya nani iliyoitengeneza. Tukaitikia, halafu tukakonyezana.

Nikapata kibarua cha kupiga kasia. Nawapeleka na mtumbwi mpaka kwenye boya lao, wanavaa mitungi ya hewa mgongoni, wanazama, mimi nabaki juu nimeshika kamba. Jioni tunarudi kwenye nyumba waliyopanga Makandana, nawapikia na kulinda vitu walivyoopoa.

Siku ya kwanza kabisa Bi Rehema alitukusanya vibarua wote atueleze kazi. Alianza hivi: "Mbao zikishatoka majini..." Na hapo hapo mimi nikamnong'oneza jirani yangu kwamba samaki wa Masoko wamefungua duka la mbao, tena hawakopeshi. Akacheka mpaka akapaliwa. Nikaongeza na lingine. Tulipotulia, mama wa watu alikuwa anamalizia, "Nimeeleweka?" Mimi nikajibu kwa sauti kuliko wote, "Sana, mama."

Kilichonichekesha zaidi ni mwendo wao. Kipande kimoja cha ubao, mtu anashinda nacho huko chini. Anakipima kwa futi, anatandaza plastiki angavu juu yake, anapitisha penseli kufuata kila ufa. Ndiyo, wanachora chini ya maji. Akitoka juu anatetemeka meno, ubao wenyewe ameuacha uko kule kule. Nikawa nawaita watoto wa chekechea. Nikasema mimi ningeshatoa mashua nzima na nyingine ya akiba.

Sasa kulikuwa na Bibi Tupokigwe wa Lufingo. Alikuwa mzee sana, anatembea na fimbo, macho bado makali. Alisikia habari za mashua, akaja mwenyewe mpaka ufukweni akakaa kwenye nyasi. Akamweleza Bi Rehema kwamba baba yake alikuwa fundi mbao, Wajerumani walimchukua awatengenezee makasia ya hiyo mashua. Vita ilipokuja wakamchukua tena kubeba mizigo, na hiyo safari hakurudi. Kaburi halipo. Picha haipo. Bibi alikuwa mtoto mdogo, anachokumbuka ni alama tu. Kila kitu alichochonga baba yake alikiwekea alama ya mguu wa kuku, mistari mitatu, wa katikati umepinda.

"Nimebaki na mguu wa kuku tu," akasema. "Mkiuona, mniite."

Mwanangu, wakauona. Kipande cha kasia, kirefu kama mkono wangu, na kwenye mpini mistari mitatu, wa katikati umepinda. Wakakichora siku mbili kule chini, Jumatatu wakakipandisha, wakakilaza ndani ya nusu pipa lililojaa maji kwenye chumba cha nyuma. Bibi akapelekewa salamu aje Jumamosi.

Hapa sasa nisikilize vizuri, maana ujinga wangu ulikuja umevaa nguo za wema.

Mtu wa Tukuyu ukimwachia kitu kibichi ndani ya nyumba hatulii. Unaijua mvua yetu. Sisi kila kitu tunakipandisha kwenye uchaga juu ya moto: mahindi, kuni, viatu vya shule, daftari lililoloa. Na mimi nilikuwa nimetoka chumba cha kukaushia chai, najiona fundi. Alhamisi nikachungulia lile pipa, nikaona kasia la baba wa watu bado limelala chini ya maji tangu Jumatatu. Nikasema hawa watu wa joto hawajui kuanika. Bibi atoke Lufingo yote ile aje apewe kitu kinachochuruzika? Nikalitoa, nikalifuta na kitambaa kisafi, nikaliweka uchagani, nikachochea moto vizuri.

Jumamosi asubuhi nikapanda kulichukua. Nilikuta kitu kama ganda la mgomba la kiangazi. Limejikunja, limepasuka urefu wake wote, na mpini nilipoushika ukamegeka mkononi kama mkate mkavu. Mguu wa kuku ulikuwa kwenye vumbi, nusu sakafuni, nusu kwenye shati langu.

Ningesema ukweli saa ile, ningekuambia habari fupi. Lakini mimi nikakumbuka kasia la mtumbwi wangu, nilikuwa nimekuja nalo ili lisiibiwe. Nikalikata kwa msumeno likawa saizi ile ile. Nikachonga mistari mitatu kwa kisu, nikapinda wa katikati, nikapaka masizi ya sufuria lionekane la kale. Nikaenda nalo chumba cha nyuma, nikalitumbukiza pipani.

Likaelea.

Nikalisukuma chini, likarudi juu. Nikaliwekea jiwe, likachomoka ubavuni. Nikawa nimelikandamiza kwa mikono miwili nikilisihi kama mtu anayemwogesha mbuzi, ndipo nikasikia mlango. Bi Rehema amesimama, na nyuma yake Bibi Tupokigwe na fimbo yake.

Bi Rehema akaliangalia kasia linavyocheza juu ya maji.

"Gwakisa, hili limejifunza kuogelea lini?"

Nikafungua mdomo nitoe kichekesho. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, hakikuja. Nikaona Bibi amevaa kitenge kipya, ameshika kitambaa cheupe cha kulipokelea. Nikachuchumaa chini nikasema yote. Uchaga, moto, msumeno, masizi. Nikatoa na vumbi lililokuwa mfukoni, nimelifunga kwenye karatasi.

Bi Rehema alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Halafu akasema taratibu, "Siku ya kwanza niliwaeleza. Mti uliokaa majini miaka yote hiyo ndani umekwisha. Maji ndiyo yameushikilia. Ukiyatoa haraka unabakiwa na ngozi. Ulisema umeelewa sana."

"Sikusikia, mama. Nilikuwa nachekesha watu."

"Najua. Na mimi nilikuona, nikaendelea. Kosa lako ni kubwa, na langu lipo."

Bibi akauliza, "Kwa hiyo mguu wa kuku haupo?"

Mwanangu, nimepigwa na baba, nimepigwa na walimu, sijawahi kupigwa na kitu kama lile swali.

Bi Rehema akainuka, akafungua kabati, akatoa ile plastiki. Ile ya chekechea. Akaitandaza mezani, akamshika Bibi mkono akamsogeza. Kasia lote lilikuwa pale kwa urefu wake ule ule, kila ufa, kila fundo la mti, na mpinini mistari mitatu, wa katikati umepinda.

"Hii ililala juu ya kasia lenyewe kule chini, Bibi. Penseli imepita pale pale kilipopita kisu cha baba yako."

Bibi akaweka kidole. Akapitisha mstari wa kwanza, akapitisha wa tatu, wa katikati akauacha mwisho, akaupitisha polepole mpaka pale unapopinda. Akasema, "Ndaga fijo." Akasema tena. Asante sana, hiyo, kama Kinyakyusa chako kimechujuka.

Nilijua nimefukuzwa, nikaanza kukusanya nguo. Bi Rehema akaniuliza nakwenda wapi wakati maji ya pipa hayajabadilishwa. Akanifundisha upya, mimi peke yangu, na safari hii nilisikiliza mpaka akachoka yeye. Nikawa mtunza mbao wa kambi ile, na walipohamia kambi nyingine wakanichukua. Wewe umesomeshwa na kazi hiyo. Kila nikikuona umevaa miwani yako unasoma, namshukuru yule mama aliyeamua kunipa ndoo ya maji badala ya nauli ya kurudi nyumbani.

Nimekuitia hili kwa sababu kesho unaanza kazi, na mdomo wangu umeurithi wote. Mwenye kazi akianza kueleza, nyamaza, hata kama kichekesho ni kizuri kiasi gani. Kitakusubiri. Kama hukusikia, sema hukusikia, aibu yake ni ya dakika moja. Usiharakishe kumsaidia mtu kwa kitu ambacho hujamuuliza. Ukiharibu, usichonge kingine. Na yule unayemuona mzito, anapima kitu kimoja siku nzima, usimcheke, huenda ndiye atakayekuokoa. Mungu akutangulie, akupe wakubwa wenye subira kama niliopewa mimi.

Siku ile jioni nilimsindikiza Bibi kwa miguu, nimembebea mfuko. Njia nzima sikutoa neno, mpaka yeye akachoka na ukimya wangu, akasimama.

"Gwe mwana," akasema, "baba yangu aliharibu miti mingi kabla ya kupata kasia moja la kupiga maji. Wewe umeharibu moja. Bwana akulinde mikono. Mdomo mwachie akutunzie kidogo, halafu akurudishie, maana njia bado ni ndefu na mimi nataka kucheka."