Mafuta ya Kwenye Jani

Muuza nyama wetu wa Rwamishenye ni mwembamba kama fito, na wembamba huo anauamini kuliko dawa. Kila Jumamosi hunikatia nusu kilo, kisha huyatoa mafuta yote kwa ncha ya kisu, polepole, akinitazama kiuno. "Mama, kwa mwili huo lehemu kwenye damu itakuua." Mafuta yenyewe hayatupi. Huyafunga kwenye jani la mgomba, akaenda nayo nyumbani kupikia ndizi. Zamani alikuwa anapika mkewe. Tangu mkewe aanguke jikoni siku ya Pasaka asiamke tena, anapika mwenyewe. Nikimwambia naye akapime, hucheka. "Waitu, mama, kwangu mimi lehemu itakaa wapi?"

Juzi wauguzi walikuja kupima watu lehemu sokoni, naye akatoa kidole kwa utani. Leo kikaratasi cha majibu kimechomekwa kwenye msumari wa mizani, na kiuno changu hakitazami. Ametoa mafuta, ameyafunga kwenye jani kama kawaida, kisha amebaki ameyashika. "Mke wangu alikuwa mwembamba kuliko mimi," amesema. "Na haya nilikuwa nampelekea mimi, kila siku."