Nukta Kati ya Nne na Nane

Harufu ya puti ndiyo iliyonilea. Puti ni ile chokaa iliyokandwa kwa mafuta ya kitani, inayoshika kioo kwenye fremu ya dirisha, na baba yangu aliikanda kila asubuhi juu ya bati nyuma ya chumba chetu kule Kasubi, Kampala, kama mama alivyokanda unga wa chapati siku unga ulipopatikana. Ni harufu nzito, ya mafuta yaliyochacha kidogo, inaingia kwenye kucha na haitoki. Leo nina maduka matatu ya vioo na alumini, la kwanza liko Nateete, na yale maghorofa yanayong'aa ukishuka kuelekea mjini, mengi nimeyavisha vioo mimi. Wenye digrii wananiita Bosi. Sisemi ili nijisifu, nasema kwa kuwa ni kweli, na darasani niliishia la tano. Lakini nikifungua kopo la puti hadi leo mwili wote unachoka, natafuta stuli nikae.

Nasimulia miaka ya utawala wa wanajeshi, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na moja. Vioo vilikuwa vimepotea madukani kama sukari na sabuni. Nyumba nyingi za mtaani kwetu ziliziba madirisha kwa maboksi, na mvua ikinyesha maboksi yanalainika, yananing'inia kama masikio ya mbuzi. Mtu akionekana na kioo kizima begani aliulizwa amekitoa wapi, na asipojibu vizuri aliitwa mtu wa magendo. Neno hilo watu walilisema kwa sauti ya chini hata wakiwa chooni. Kwa hiyo baba alipopata kazi ya kutengeneza madirisha ya bwalo la maofisa, katika kambi moja ya jeshi, tuliona Mungu ametukumbuka. Vioo vingetoka stoo ya kambi yenyewe. Alichotakiwa kuleta ni karatasi tu, inayosema anahitaji kioo cha mita za mraba ngapi.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Baba alikuwa mtu wa futi na inchi, na hata hizo aliziweka kichwani na kwenye kamba yake yenye mafundo. Kuandika hakujua. Serikali ilikuwa imehamia kwenye mita, na baba alinunua utepe mpya wa kupimia pale soko la Owino, akanikabidhi mimi kama mtu anayekabidhi usukani. Tukapima pamoja. Vioo vinane, kila kimoja sentimita sabini na tano kwa themanini. Nikazidisha kwa fahari, ulimi nje: sentimita za mraba elfu arobaini na nane. Kubadili ziwe mita niliona ni kazi ya kitoto. Mita moja si sentimita mia? Nikagawa kwa mia. Sura ya maeneo ilikuwa mbele kitabuni, hatukuwa tumeifikia. Mwalimu wetu wa hesabu aliacha kuja shuleni muhula ule, na hakuna aliyeuliza alikokwenda. Nikaandika 480 kwa mwandiko wangu bora, nikapiga mstari chini yake. Baba aliitazama ile karatasi muda mrefu, ingawa hakuweza kuisoma, kisha akaikunja akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Tulikwenda kambini pamoja. Mtunza stoo alikuwa sajenti mrefu kutoka kaskazini, mwenye Kiswahili cha kambini. Aliisoma karatasi yetu mara mbili. Kwanza alicheka.

"Mita mia nne themanini! Mzee, unataka kufunika ziwa?" Kisha kicheko kikakatika. "Hii yote unapeleka wapi? Zaire? Nani ameandika hii?"

"Mimi, afande," alisema baba.

Alisema upesi sana, kabla sijafungua mdomo. Sajenti akamsukumia kalamu aandike tena. Baba akaishika kama anavyoshika kikatio cha kioo, akachora dirisha. Kila upande akaweka alama zake za fundi, vistari vidogo alivyozoea kuchora kwenye mbao. Halikuwa na herufi hata moja. Lilikuwa dirisha zuri.

"Unadanganya jeshi," alisema sajenti. "Vua viatu."

Askari wawili wakasogea. Mtu wa Kampala wa siku zile hahitaji kuelezwa maana ya kuvuliwa viatu. Tulishaona jozi za viatu kando ya barabara, zimebaki zenyewe, gari limeondoka na wenye viatu. Baba aliinama akafungua kamba taratibu, akavipanga viatu vyake sambamba, kisigino kwa kisigino.

"Ni mimi niliandika!" nikapiga kelele. "Niligawa kwa mia! Mita ni sentimita mia!"

Sajenti alinitazama, akaitazama ile 480 yenye mstari chini. Akachukua chaki ya kuandikia makasha, akachora sakafuni mraba wa mita moja kila upande. "Kijana, kwa mstari huu sentimita ngapi zinakaa?" Mia. "Na safu kama hiyo ngapi, mpaka huku juu?" Nilitambaa na utepe. Mia. "Mia mara mia?"

Elfu kumi. Nililisema jibu nikiwa nimepiga magoti ndani ya ule mraba, na ndipo nikaelewa nilichokuwa nimemfanyia baba yangu.

"Nani anakufundisha hesabu?" aliuliza.

"Ameacha kuja, afande."

Akachukua kalamu akaweka nukta moja kati ya nne na nane. Nne nukta nane. "Mpe vioo yake, aende."

Baba alivaa viatu, lakini vidole havikuweza kufunga kamba. Nikamfungia mimi. Njiani kwenda bwaloni, vioo begani vimefungwa kwa gunia, alisema jambo moja tu, kwa upole ambao ningependa ungekuwa kofi: "Usiniandikie tena, ssebo." Ssebo kwetu ni bwana, huitwa mtu mzima. Na sikumwandikia tena. Alirudi kwenye kamba yake ya mafundo mpaka alipokufa, hata nilipokuwa na duka. Mimi shule niliiacha mwaka ule, hakuna aliyenifukuza.

Wiki iliyopita kijana wangu wa ofisini, injinia mwenye picha yake ya joho la mahafali ukutani, alitoa hesabu ya kioo cha benki fulani. Ilikuwa imezidi mara mia. Nilimwonyesha kwa kidole. Akacheka, "Pole, Bosi, ni nukta tu," akabonyeza, ikarekebishika, akaendelea kunywa chai yake. Nilitaka kumgombeza, na mimi najua kugombeza. Badala yake nikakaa kwenye stuli, nikajikuta natazama viatu vyake chini ya meza, kamba zimefungwa, miguu imo ndani.