Seva Aliyoiacha Maige

Mimi sipendi kupangiwa kazi. Wakubwa wa hospitali yetu hapa Mkolani walipotaka seva iwekewe mfumo endeshi uliotoka juzi tu, niliwakatalia kavukavu. Seva inayobeba majibu ya maabara na mafaili ya wagonjwa haitaki mbwembwe. Nikachagua toleo lililotulia, ambalo wengine wameshahangaika nalo mpaka kasoro zikaisha, na litakalopata marekebisho ya usalama kwa miaka mingi. Lile tulilokuwa nalo watengenezaji walishaliacha.

Ila lile liliwekwa na marehemu Maige, fundi aliyenitangulia, na ndilo lililoninyima raha. Maige aliipanga seva itume ujumbe kwenye simu yake kila alfajiri, ajue iko salama. Msukuma yule hakuandika mambo ya kompyuta. Aliandika salamu ya asubuhi ya kwao: "Mwangaluka. Nipo." Presha ikamchukua ghafla, simu ikabaki kwa mkewe, mama Justa, anayeuza dagaa Kisesa. Mama wa watu kila alfajiri huipokea salamu ile na kuiitikia kwa sauti, peke yake chumbani. Nilipoajiriwa nilipaswa kuifuta namba hiyo. Nikashindwa, maana alishaniomba, "Baba, usiniondolee."

Basi nikahamishia kila kitu kwenye mashine mpya niliyoiwekea toleo langu, salamu ikiwemo. Ya zamani nikaiacha ikiwaka siku chache, kama tunavyofanya mafundi, ili mpya ikikwama turudi nyuma. Hapo ndipo nilipojisahau.

Kesho yake nilimkuta mama Justa mlangoni pa ofisi, kanga kaifunga ovyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo kanisalimia mara mbili, Luhaga. Anakuja kunichukua?"

Mimi mizimu siiamini. Nikamweleza taratibu kwamba mashine ziko mbili, na zote zinasema maneno ya Maige. Nikamwingiza kwenye chumba cha seva azione. Mle ndani kuna baridi, na feni zinavuma mchana na usiku. Alizitazama moja moja, hakugusa kitu.

"Moja naizima leo," nikasema. "Itakayobaki itakusalimia kama kawaida."

"Aliyoishika yeye ni ipi?"

Nikainua mkono nimwonyeshe. Akaudaka, akaushusha.

"Acha, baba. Zima nikishatoka," akasema. "Wala usiniambie umezima ipi."