Ekari Arobaini za Lazaro

Mama yake Lazaro alifariki siku ambayo mwanawe alifika ukurasa wa mia nne na kumi na mbili. Usishangae ukurasa kukumbukwa; hapo ndipo mambo yake yote yalipokwama.

Kitabu chenyewe kilikuwa historia ya Marekani, kinene kama tofali, Kiingereza kitupu. Aliachiwa na kijana wa Kimarekani aliyekuwa akifundisha shuleni Kimamba, kabla walimu wa kujitolea wa kwao hawajarudishwa makwao mwaka 1969. Lazaro alikuwa na darasa la nane na kamusi isiyo na jalada. Kila mchana, akitoka shamba la kijiji, alikaa nyuma ya ghala la mahindi akasoma ukurasa mmoja, siku mbaya nusu ukurasa, siku nyingi asikiguse kabisa. Alifanya hivyo kwa miaka mitano. Mkewe, Perpetua, aliwaambia majirani kwamba mumewe ameoa mke wa pili asiyejua kupika.

Lakini Lazaro alikuwa na lake. Baba yake, Mnyamwezi, aliletwa kutoka Tabora kukata mkonge, akaukata miaka ishirini na saba, akafa hana hata mahali pa kupanda mchicha. Sasa kitabu, baada ya marais na kura na vita vyao, kilikuwa kimefika pale watumwa walipofunguliwa, na baadhi yao wakaahidiwa ekari arobaini kwa kila familia. Sura iliishia hapo. Je, walipewa? Kesho yake angejua, na kumbe jioni hiyo mama akakata roho.

Mtu wa kwanza kufika msibani alikuwa Mwinshehe, Msagara, rafiki yake na mtani wake. Tangu enzi za misafara Wanyamwezi na Wasagara ni watani, na msiba wa mtani hauzikwi kimyakimya. Hawa wawili hata salamu yao ilikuwa ya kuitana “mtumwa wangu”, na aliyewahi kusema ndiye aliyeshinda siku hiyo. Mwinshehe alichimba kaburi, akajifunga kanga ya marehemu, akaiga kikohozi chake hadi wafiwa wakashika mbavu. Kisha akaingia ndani akatoka na kile kitabu, amekishika juu chini. Alikuwa mwanafunzi wa Lazaro katika kisomo cha watu wazima, na herufi zilikuwa bado zinampiga chenga.

“Sikilizeni wosia,” alisoma. “Mwana wa marehemu ameandika hapa kwamba kijiji chetu ameshawauzia Wamarekani. Wale wanaopiga picha tembo kule Mikumi, mnadhani wamefuata tembo? Wanamsubiri yeye awapelekee ramani.”

Watu walicheka mpaka machozi. Lazaro naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mama amtoke.

Mmoja tu hakucheka. Bwana Lupakisyo, afisa aliyeletwa karibuni Kilosa kusimamia kisomo, alikuwa amekuja kumpa pole mwalimu wake. Tangu utoto alilelewa bwenini, na utani wa namna ile hakuwahi kuuona. Aliomba kitabu, akakipekua, akakitia mkobani.

Lazaro alimfuata Kilosa kwa baiskeli. Hakutukanwa wala hakufukuzwa. Aliambiwa kwa upole kwamba mambo yanachunguzwa, na kama hakutasikika neno jingine la namna ile karibu naye, kitabu atarudishiwa. Mwinshehe naye alikwenda kuapa kwamba alikuwa anatania. Akaulizwa: yeye asiyejua kusoma, alijuaje yaliyoandikwa mle? Alirudi kijijini bila kumtania mtu njiani, na tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwona hivyo.

Miezi ikapita. Lazaro aliacha kusimulia hadithi darasani. Alipima kila neno kabla ya kulitoa. Ekari zile arobaini zilimkaa rohoni, na alijichukia kwa kuteseka kwa ajili ya mashamba ya watu waliokufa zamani, ng'ambo ya bahari. Lakini aliteseka.

Ndipo baba yake Mwinshehe akafa. Zamu ilikuwa ya Lazaro, na watu walikuja wamejiandaa kucheka. Bwana Lupakisyo alikuwepo pia, amekaa kwenye benchi, mkoba magotini. Lazaro alichukua jembe akachimba, akachimba, bila neno. Mwinshehe alimsogelea ukingoni mwa kaburi.

“Nitukane, Lazaro,” alinong'ona. “Mtukane na mzee. Usimwache aende hivi.”

Maneno alikuwa nayo. Uchoyo wa mzee kwa tumbaku yake ungetosha kuwachekesha mpaka jioni. Akautazama ule mkoba.

“Poleni sana,” alisema.

Mzee akazikwa kama mpita njia. Hata kina mama waliacha kulia, wakabaki wanatazamana.

Baada ya wiki tatu Lazaro alikwenda Kilosa kuchukua alichokilipia. Ofisini alimkuta karani, Hildegarda, peke yake. Bwana Lupakisyo alikuwa amehamishwa, ameondoka na treni ya Jumanne. Na kitabu?

“Kile kinene? Kaenda nacho,” alisema Hildegarda. “Kila mchana alikuwa anakisoma. Alisema hawezi kukiacha, hajajua mwisho wake.”

Lazaro aliuliza bwana huyo alikuwa amefika ukurasa wa ngapi. Hildegarda alicheka, akidhani anataniwa.

Alirudi akikokota baiskeli. Njia ilimpitisha uani kwa Mwinshehe, aliyekuwa akipukuchua mahindi. Lazaro alisimama. Aliwahi yeye.

“Hujambo, mtumwa wangu?”

Mwinshehe aliinuka, akajipangusa mikono, akamsogezea kigoda.

“Sijambo, Mwalimu,” alisema. “Karibu ukae.”